Gitaa linanguruma studio? Anzia ukutani

Wapiga gitaa wa kwaya wanaokuja kurekodi kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, huniuliza, "Fundi, si utautoa huo mngurumo kwenye kompyuta?" Sipendi kufanya hivyo. Programu ya kukata kelele ya aina ya "noise gate" hunyamazisha tu pale gitaa linapotulia. Likilia, mngurumo unapita nalo, na noti ndefu hukatwa kabla haijaisha.

Sikiliza kwanza. Mvumo mzito wa chini ni wa umeme wa ukutani, unaozunguka mara 50 kwa sekunde (video za Marekani husema 60, usiige namba yao). Mchakariko mkali hutoka kwenye chaja, taa za LED, dima (swichi ya kupunguza mwanga) au inveta.

Sasa geuka taratibu na gitaa lako. Kelele ikipungua ukielekea upande fulani, pikapu (kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ndiyo inayoinasa hewani. Pikapu za koili moja, kama za gitaa la Fender Stratocaster, ndivyo zilivyo. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson alibuni pikapu ya koili mbili zinazofutiana kelele. Kama huna hiyo, rekodi ukiwa umeelekea upande ule mtulivu, mbali na ampu (kikuza sauti cha gitaa).

Chomoa chaja ya laptopu, utumie betri. Mara nyingi kazi huishia hapo. La sivyo, ampu na kompyuta vyote viwe kwenye ekstensheni moja, maana vikitumia soketi za mbali hupata njia mbili za ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) na mvumo huzunguka humo.

Halafu gusa nyuzi. Kelele ikipungua, ethi ya gitaa inafanya kazi. Ikiongezeka, au vidole vikichomachoma, acha kupiga, zima ukutani, ita fundi umeme. Soketi kuwa na matundu matatu si uthibitisho kwamba nyuma yake kuna waya wa ethi. Hata ukiwepo, kiangazi chetu hukausha udongo, na fimbo ya ethi hushika vibaya. Fundi apime kwa kifaa.

Nawaomba sana: msichomeke ampu kwa plagi ya pini mbili huku mmesukuma kalamu tundu la juu. Mvumo utaisha kweli, lakini ampu ikipata hitilafu umeme utapita kwenye nyuzi, na mdomo wako uko kwenye maikrofoni. Ethi ikatwe upande wa sauti tu, kwa swichi ya DI boksi, kile kijisanduku kinachounganisha gitaa na mashine ya kurekodi.