Je, wajua kwa nini nyimbo za kale za Wafini zinakubaliana na hevi metali?

Ufini ni nchi ya watu wasiofika milioni sita, lakini ukigawanya idadi ya bendi za hevi metali kwa idadi ya watu, ndiyo inayotajwa kuongoza duniani. Huko metali si muziki wa vijana wachache wa pembeni. Mwaka 2006 Wafini walishinda Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, kwa mara ya kwanza, na waliowaletea ushindi huo ni Lordi, bendi ya metali iliyopanda jukwaani imevaa vinyago vya mazimwi. Hata watoto wana bendi yao, Hevisaurus, ambayo wanamuziki wake huvaa kama dinosauria.

Ndani ya wimbi hilo kuna mkondo mmoja unaonivutia kuliko yote: bendi zinazochukua lahani na mashairi ya kale ya Wafini na kuyapigia magitaa ya umeme. Korpiklaani hupanda jukwaani na fidla na kodiani. Finntroll huchanganya metali na ngoma ya densi za vijijini. Amorphis, Ensiferum, Moonsorrow na Turisas, kila moja ina njia yake. Inakuwaje wimbo uliokuwa ukiimbwa na wazee kando ya moto, kwenye nyumba za magogo, uketi vizuri hivyo juu ya gitaa linalokwaruza na ngoma zinazopigwa kwa kasi ya kutisha?

Jibu linalotolewa haraka ni giza na baridi. Ni kweli Helsinki mwezi Desemba hupata mwanga wa jua kwa saa zisizofika sita kwa siku, na kaskazini kabisa jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Lakini Alaska na Siberia nako kuna giza na baridi, na mchanganyiko huu haukuzaliwa huko. Mimi naona jibu limo ndani ya nyimbo zenyewe, katika namna zilivyojengwa.

Mizani nane, noti tano

Kwa karne nyingi Wafini na jirani zao wa Karelia waliimba mashairi marefu ya mashujaa, ya uganga, ya harusi na ya maombolezo. Makasisi wa Kilutheri waliyapiga vita wakiyaona ni mabaki ya upagani. Yalidumu zaidi upande wa mashariki, Karelia, kwenye vijiji vya Waorthodoksi ambako shinikizo hilo halikuwa kali. Huko ndiko alikoelekea Elias Lönnrot, daktari wa wilaya mjini Kajaani, akisafiri kwa miguu, kwa mtumbwi na kwa kuteleza juu ya theluji, akiandika alichokisikia. Mwaka 1834 alimkuta mzee Arhippa Perttunen katika kijiji cha Latvajärvi, mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa waliopata kurekodiwa kwa kalamu. Mwaka uliofuata Lönnrot alitoa Kalevala, utenzi aliouunga kutoka vipande vya waimbaji wengi. Toleo kubwa la mwaka 1849 lina mistari 22,795.

Angalia mistari miwili ya mwanzo:

*Mieleni minun tekevi,*
*aivoni ajattelevi*

Hesabu silabi: nane, na nane tena. Katika mstari wa kwanza "mieleni" na "minun" yanaanza na herufi moja. Katika wa pili "aivoni" na "ajattelevi" vilevile. Tena mstari wa pili unarudia wazo la wa kwanza kwa sura nyingine: moyo wangu unatamani, akili yangu inawaza. Mpaka mwisho ni hivyo hivyo. Msomaji wa tenzi zetu za pwani atajikuta nyumbani, maana kipande cha utenzi nacho kina mizani nane. Tofauti ni kwamba utenzi wetu umefungwa kwa vina vya mwisho, na wa Wafini umefungwa kwa sauti za mwanzo wa maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa Kiswahili Jan Knappert aliitafsiri Kalevala kwa lugha yetu, na kwa mtazamo wangu ni tafsiri chache sana za utenzi wa kigeni zilizokuwa na kiatu kilichokwisha kushonwa kwa kipimo cha mguu namna ile.

Sasa njoo kwenye lahani. Nyimbo hizi za kale nyingi hazitoki nje ya noti tano zilizo jirani. Mara nyingi silabi sita za mwanzo hupita upesi na mbili za mwisho huvutwa, hivyo mstari mmoja hujaza mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea. Mwimbaji mmoja anatangulia, mwenzake anadakia mwisho wa mstari na kuurudia, na huku yule wa kwanza anapata nafasi ya kukumbuka unaofuata. Lahani ni ileile, au inabadilika kidogo tu, kwa mamia ya mistari.

Chombo chake ni kantele, ambacho ni cha ukoo mmoja na ganuni ya taarab: nyuzi zimetandazwa juu ya ubao, kinawekwa mapajani au mezani, na vidole vinazidonoa. Kantele ya zamani ilichongwa kutoka kipande kimoja cha mti na ilikuwa na nyuzi tano tu, yaani noti zilezile tano za wimbo. Nyuzi hazizimwi haraka. Zinaendelea kuvuma, kila noti inaingia ndani ya mvumo wa iliyotangulia, na baada ya dakika chache unasikia kama kuna sauti moja ya chini isiyokoma.

Gitaa linakosa noti moja

Metali ilianzia mbali na huko, Birmingham, Uingereza. Mpiga gitaa wa Black Sabbath, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Sauti ikashuka chini na kuwa nzito. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970.

Mpiga gitaa wa metali akitaka uzito hapigi mkusanyiko kamili wa noti tatu. Hupiga mbili: ya msingi, na ya tano kutoka hapo. Sababu ni ya kifizikia. Sauti ya gitaa inaposukumwa kwenye amplifaya mpaka ikwaruze, noti nyingi kwa pamoja hugombana na kugeuka kelele, lakini hizo mbili hubaki imara. Inayoachwa ni ya katikati, ile inayoamua wimbo uwe wa furaha au wa huzuni. Kwa hiyo gitaa zito linajenga sakafu ambayo haijaamua chochote. Uamuzi wote unabaki kwa lahani inayopita juu yake.

Ongeza hapo rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa na kuubeba wimbo wa metali mgongoni. Rifu nyingi hugongagonga uzi wa chini kabisa, huku noti chache zikizunguka juu yake. Uweke mpango huo kando ya ule wa kantele: sauti ya chini isiyokoma, noti chache zilizokaribiana, marudio yasiyochoka. Ndiyo maana lahani ya Karelia ikishushwa kwenye gitaa zito haihitaji kukarabatiwa. Lahani ya Kizungu ya kumbi za muziki, inayoruka huku na huko na kudai mkusanyiko mpya wa noti kila pigo, ingevunjika. Ya kijijini inakaa.

Waliothubutu

Wafini hawakuwa wa kwanza kuleta fidla kwenye metali. Waingereza wa Skyclad walikuwa wakifanya hivyo tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Lakini Amorphis, iliyoanzishwa Helsinki mwaka 1990, ilifanya jambo la ndani zaidi. Albamu yao ya mwaka 1994, Tales from the Thousand Lakes, ilichukua maneno yake kutoka tafsiri ya Kiingereza ya Kalevala. Wimbo uliojulikana zaidi humo, Black Winter Day, ni huzuni ya binti anayeozwa, anayeufananisha moyo wake na siku nyeusi ya majira ya baridi. Hakuna fidla wala kodiani. Ni kinanda, magitaa na sauti ya kunguruma, na bado unajua kabisa kuwa huu ni wimbo wa mahali fulani.

Miaka miwili baadaye walitoa Elegy, ambayo maneno yake yanatoka Kanteletar, mkusanyo wa mashairi mafupi ambao Lönnrot aliutoa mwaka 1840. Humo mna wimbo uitwao My Kantele. Katika Kalevala, mzee Väinämöinen anatengeneza kantele ya kwanza kwa taya la samaki mkubwa. Shairi la Kanteletar linakataa kata kata: wanaosema hivyo ni waongo, kantele ilichongwa kutokana na huzuni, nyuzi zake zimesokotwa kwa mateso. Amorphis waliuweka wimbo huo mara mbili kwenye albamu moja, kwanza kwa magitaa ya umeme, kisha mwishoni bila uzito wa umeme. Ukisikiliza yote mawili moja baada ya jingine, utasikia kwamba lahani haikubadilika. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kuliko maelezo yoyote.

Finntroll walipitia mlango mwingine. Bendi hii ilianzishwa Helsinki mwaka 1997 na huimba Kiswidi, lugha ya Wafini wachache, takriban mmoja katika kila ishirini. Wao hawakwenda kwenye mashairi ya kale bali kwenye humppa, muziki wa densi wa haraka wa karne ya 20, wenye mapigo mawili: besi, kodiani, besi, kodiani. Mpiga dramu wa metali ya kasi naye hufanya hivyo hivyo: ngoma kubwa ya mguuni, ngoma ndogo ya mkononi, kubwa, ndogo. Ukiongeza kasi ya humppa umeshafika. Ndiyo sababu wimbo wao Trollhammaren wa mwaka 2004 unakufanya utake kucheza kabla hujajiuliza kama ni metali au ni dansi ya harusi.

Korpiklaani wana safari ndefu zaidi. Kiongozi wao, Jonne Järvelä, alianza na kundi lililoitwa Shaman, lililoimba kwa lugha ya Wasami, watu wa asili wa kaskazini kabisa, kwa mtindo wao wa kuimba uitwao joik. Mwaka 2003 kundi likabadilisha jina na mwelekeo, likaanza kuimba ya misitu na karamu za Wafini kwa fidla na kodiani. Naliona lilikuwa badiliko jema. Wasami ni taifa lenye lugha na nyimbo zake, lililobanwa na dola za kaskazini kwa muda mrefu, na joik si kiungo cha kuonjesha muziki wa mwingine.

Haya yote yasingewezekana kama nyimbo za kale zingekuwa zimelala makumbusho. Kalevala ilikwisha kuwa mali ya taifa tangu Wafini walipokuwa chini ya Urusi. Jean Sibelius aliigeuza muziki wa okestra katika Kullervo mwaka 1892, miaka 25 kabla ya uhuru. Watoto huisoma shuleni, na tarehe 28 Februari kila mwaka ni siku yake. Kijiji cha Kaustinen kimekuwa na tamasha la muziki wa jadi tangu 1968, na upigaji fidla wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021. Chuo cha muziki cha Sibelius mjini Helsinki kilifungua idara ya muziki wa jadi mwaka 1983. Kijana aliyeshika gitaa la umeme mwaka 1990 alikuwa ameshazisikia lahani hizi, apende asipende.

Si kila kinachotolewa kwa jina hili ni kizuri. Zipo bendi zinazoandika wimbo wa kawaida wa metali, kisha zinabandika kodiani juu yake dakika ya mwisho. Ukiiondoa kodiani hakuna kilichopungua. Kipimo changu ni hicho tu: je, lahani ya kijijini ndiyo iliyolibeba gitaa, au imepakiwa tu?

Ukitaka kujaribu masikio yako, anza na Elegy ya Amorphis. Nenda kwa Finntroll siku una nguvu za miguu. Kisha tenga jioni nzima kwa Moonsorrow na albamu yao ya 2007, V: Hävitetty. Ina nyimbo mbili tu, kila moja zaidi ya dakika 26, kwa Kifini. Usitafute kiitikio. Fuata lahani moja, isikilize inavyorudi na kuongezewa kitu kidogo kila mara, kwa subira ileile iliyotakiwa kwa mtu aliyeketi kumsikiliza Arhippa Perttunen.