Maana ya urefu wa chemba katika bunduki ya marisawa iliyotumika

Mtu anayetafuta bunduki ya kuwindia ya marisawa, yaani goroli ndogo nyingi zinazotoka kwa pamoja, ile ambayo wengi huiita shotigani, kwa kawaida huuliza kwanza bei, kisha huangalia kitako, kisha huchungulia mtutu kuona kama una kutu. Swali la urefu wa chemba huja mwisho, au haliji kabisa, ingawa ndilo linaloamua ni risasi gani bunduki hiyo inaweza kupigishwa bila kumdhuru aliyeishika. Muuzaji akibanwa huchukua risasi moja, akaisukuma ndani, akafunga bunduki na kusema, "Unaona, imeingia." Kuingia kwa risasi hakuthibitishi kwamba inafaa, na sababu yake imo katika namna risasi ya shotigani ilivyotengenezwa.

Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, na imechongwa pana kidogo kuliko mtutu uliobaki ili ganda la risasi lipate nafasi. Mbele ya chemba, mtutu hujibana polepole hadi kufikia upana wake wa kawaida, kama koo la chupa linavyojibana. Sehemu hiyo inayojibana nitaiita koo, kwa kuwa ndipo hatari kuu ninayoieleza hapa hutokea.

Urefu wa chemba usichanganywe na namba ya bunduki. Namba 12, inayojulikana kuliko zote, hutaja upana: ukigawa ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454, katika goroli 12 zinazolingana, kila goroli itakuwa na upana wa mtutu huo, ambao ni karibu milimita 18.5. Kwa hesabu hiyo hiyo namba 20 ni nyembamba zaidi, kama milimita 15.6. Namba mbili hizi zisikae pamoja mfukoni mwa mwindaji. Risasi ya namba 20 ikitiwa kimakosa katika bunduki ya namba 12 huteleza mbele na kukwama mtutuni, mahali ambapo haionekani, na mtu akidhani chemba ni tupu akatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka.

Sasa, katika namba 12 yenyewe, chemba zina urefu mbalimbali. Zilizo nyingi ni za aina tatu: za milimita 65, ambazo Waingereza huziandika inchi 2½. Za milimita 70, yaani inchi 2¾. Na za milimita 76, yaani inchi 3. Ipo pia ya milimita 89, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1988.

Jambo linalowapotosha wanunuzi wengi ni kwamba urefu ulioandikwa kwenye risasi ni urefu wa ganda likiwa limefunguka, baada ya kufyatuliwa. Kabla ya hapo, mdomo wa ganda umekunjwa kwa ndani ili kuzuia marisawa yasimwagike, na mkunjo huo hufupisha risasi. Risasi ya milimita 70 ambayo haijapigwa, ukiipima kwa rula, hukaribia milimita 58 hadi 60 tu. Ndiyo maana inaingia bila shida katika chemba ya milimita 65, na hata ile ya milimita 76 huingia katika chemba ya milimita 70. Mkono hauhisi tatizo lolote, na bunduki hufunga kwa mlio ule ule.

Tatizo huanza pale fataki inapowasha baruti. Mdomo wa ganda hufunguka kuelekea mbele, na kama chemba ni fupi, hauna mahali pa kulalia isipokuwa ndani ya koo. Hapo njia ambayo kikombe cha plastiki kinachobeba marisawa ndani ya risasi kinapaswa kupita huzibwa kidogo na ganda lenyewe, wakati ule ule ambapo baruti inazalisha gesi kwa kasi kubwa. Shinikizo hupanda. Tume ya kimataifa ya upimaji wa silaha, C.I.P., ambayo chimbuko lake ni mwaka 1914, imeweka shinikizo la megapaskali 74 kuwa kikomo cha risasi za kawaida za namba 12, na megapaskali 105 kwa risasi za nguvu zaidi. Bunduki ya zamani iliyotengenezewa risasi za nguvu ndogo haikupimwa kwa viwango hivyo, na ukiongeza kizuizi kooni unaizidishia mzigo usioujua ukubwa wake. Wakati mwingine mtutu hupasuka. Mara nyingi zaidi madhara huja taratibu: teke linakuwa kali begani, maganda yanatoka yakiwa yamechanika mdomoni, na kiungo kati ya mitutu na mwili wa bunduki kinalegea mwaka hadi mwaka.

Nililiona hilo kwa bunduki ya mjomba wangu kule Sengerema, ya mitutu miwili, aliyoirithi kwa baba yake pamoja na kibali kilichobadilishwa jina. Kwa muda mrefu aliipigia kanga kwa risasi za milimita 70 kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani, na alilalamikia bega lake, akidhani ni uzee. Siku tulipofungua bunduki na kuondoa mbao ya mbele, tulikuta chini ya mitutu alama ya 2½. Mitutu ilikuwa imeanza kucheza ukiitikisa. Sikuweza kusahau kwamba nilisimama bega kwa bega naye mara nyingi akifyatua, nami sikuwahi kuuliza.

Alama hizo ndizo mnunuzi anapaswa kuzisoma kabla ya kutoa hela. Nchi kadhaa za Ulaya zina vituo rasmi ambapo kila mtutu hupigwa risasi yenye nguvu kupita kiasi kwa makusudi, na ukistahimili hugongwa muhuri. Kile cha Birmingham kilianzishwa mwaka 1813, na London nako kuna chake. Bunduki za Kiingereza za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ambazo baadhi zilifika Tanganyika mikononi mwa walowezi na maofisa kisha zikabaki katika familia, kwa sehemu kubwa ni za milimita 65. Zilizopimwa baada ya mwaka 1954 mara nyingi huandikwa 2½ pamoja na tani 3, au 2¾ pamoja na tani 3¼, yaani shinikizo lililoruhusiwa kwa inchi mraba. Bunduki za Kirusi, Baikal kwa mfano, huandikwa wazi 12x70 au 12x76, na za Italia na Hispania hutumia namna inayofanana na hiyo. Alama hukaa ubavuni mwa mtutu au chini yake, hivyo bunduki ya kukunja, ile inayofunguka katikati ili itiwe risasi, lazima itenganishwe ndipo zionekane. Muuzaji anayekataa kuitenganisha mbele yako, mwache na mali yake.

Hata hivyo, muhuri hueleza hali ya bunduki siku ilipopimwa, wala hauelezi kilichofanyika baadaye. Wapo mafundi ambao hurefusha chemba ya milimita 65 kwa kuichonga ndani ili ipokee risasi ndefu, na kazi hiyo hupunguza unene wa chuma mahali penye shinikizo kubwa kuliko pote. Kwa hiyo chemba nayo ipimwe. Baada ya kuhakikisha bunduki ni tupu, fundi huingiza kipimo maalumu cha chuma ambacho husimama pale chemba inapoishia. Asiye nacho anaweza kulaza rula nyembamba ya chuma kwenye ukuta wa chemba na kuhisi ncha inapogota kwenye ukingo wa koo. Ukipata 70 mahali palipogongwa 65, na hakuna muhuri mpya wa upimaji, usinunue.

Kwetu Mwanza lipo jambo jingine la kuangalia kwa jicho kali, nalo ni kutu ya ndani ya chemba. Hewa ya ziwani ina unyevu, na bunduki iliyokaa miaka mingi ndani ya mfuko wa ngozi Ukerewe au Magu huota vidonda vidogo ambavyo mafuta ya juu juu huvificha. Vidonda hivyo hufanya ganda ling'ang'anie, na vikizama sana hudhoofisha chuma. Futa chemba kwa kitambaa kikavu, kisha mulika kwa tochi.

Kwa kanga na kwale wa mashamba ya Kwimba na Misungwi, maoni yangu ni kwamba chemba ya milimita 70 inatosha kabisa. Risasi yake hubeba gramu 28 hadi 36 za marisawa, kiasi kinachotosha kumwangusha kanga kwa umbali ambao mwindaji mwangalifu angethubutu kupiga. Chemba ya milimita 76 haina ubaya, kwa kuwa risasi fupi katika chemba ndefu ya bunduki ya kukunja haileti hatari. Lakini bunduki inayojipakia yenyewe inaweza kugoma kutema maganda ya risasi nyepesi. Ya milimita 89 ni teke na gharama tupu. Anayefikiria marisawa ya chuma badala ya yale ya madini ya risasi, ambayo huwapa sumu ndege wa majini wanaoyameza, asiyatie katika bunduki ya zamani: ni magumu, na huweza kuharibu mtutu uliobanwa sana mdomoni.

Mauziano yenyewe hupitia polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali cha kuwinda huombwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania. Kumiliki bunduki kihalali hakukupi ruhusa ya kuwinda. Lifaalo ni kujua urefu wa chemba kabla ya kukamilisha taratibu hizo, maana kuirudisha bunduki baada ya umiliki kuhamishwa ni kazi kubwa.

Aliyekwisha kununua au kurithi bunduki ya milimita 65 amwombe muuzaji wa risasi aliyesajiliwa amtafutie zilizoandikwa kwenye boksi kwamba ni za chemba ya urefu huo, na bunduki yenyewe ikaguliwe na fundi kabla ya kupigwa tena. Zisipopatikana, ikae kabatini imefungwa kwa kufuli. Ya mjomba iko hivyo hadi leo.