Msuguano na momenti: gimba linapotulia

Ngazi imeegemea ukuta na haiendi popote. Katika fizikia, utulivu huo una maana mbili kwa pamoja: ngazi haisogei, na pia haizunguki. Haisogei kwa sababu kani (misukumo na mivuto) za kushoto zinafutana na za kulia, na za juu zinafutana na za chini. Haizunguki kwa sababu momenti zinazofuata mwendo wa mishale ya saa ni sawa na zile za kinyume chake. Momenti ni uwezo wa kani kuzungusha kitu. Huipata kwa kuzidisha kani kwa umbali, uliopimwa kwa pembemraba, kutoka nukta uliyochagua hadi kwenye mstari ambamo kani inapita.

Hapo kuna milinganyo mitatu tu. Wengi hukwama si kwa sababu ya hesabu, bali kwa sababu ya msuguano. Wakiona namba ya msuguano, ile inayoandikwa μ, mara moja huizidisha kwa kani ya sakafu inayosukuma juu na kusema: huu ndio msuguano. Sivyo. Jibu hilo ni kikomo, ni msuguano mkubwa kabisa ambao sakafu inaweza kuutoa. Kitu kikiwa kimetulia, msuguano hutoa kiasi kile tu kinachohitajika, hata kama ni sifuri.

Tuchukue ngazi ya mita 5, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, kichwa chake kimegusa ukuta kwenye kimo cha mita 4. Uzito wake ni nyutoni 200 (nyutoni ni kipimo cha kani) na unashuka katikati yake. Ukuta ni laini, hauna msuguano. Sakafu ina μ ya 0.5. Sakafu inabeba uzito wote, kwa hiyo inasukuma juu kwa nyutoni 200, na kikomo cha msuguano ni nyutoni 100.

Sasa chagua nukta ya kupimia momenti. Sheria inakuruhusu nukta yoyote, lakini mguu wa ngazi ndio bora, maana kani mbili usizozitaka kwa sasa, msukumo wa sakafu na msuguano, zinapita hapo hapo na momenti zake ni sifuri. Zinabaki mbili. Uzito uko mita 1.5 kutoka mguuni kwa mlalo, na ukuta unasukuma kwenye kimo cha mita 4. Basi 200 × 1.5 = 300, na 300 ÷ 4 = 75. Ukuta unasukuma kwa nyutoni 75, na msuguano, ambao peke yake ndio unaoupinga, lazima nao uwe nyutoni 75. Haufiki 100, kwa hiyo ngazi imetulia. Ungeandika 100 tangu mwanzo, ukuta nao ungelazimika kusukuma kwa nyutoni 100, momenti yake ingekuwa 400 dhidi ya 300, na ngazi ingejiinua yenyewe kutoka ukutani!

Kikomo kinaingia kwenye hesabu pale tu swali linapotaja ukingo wa kuteleza. Mtu wa nyutoni 600 anapanda. Sakafu sasa inasukuma juu kwa nyutoni 800 na kikomo kinakuwa 400. Kila mita anayopanda inamsogeza kwa mlalo mita 0.6, hivyo ngazi inaanza kuteleza pale 400 × 4 = 300 + 600 × 0.6 × umbali aliopanda. Umbali huo ni kama mita 3.6. Hafiki juu. Na ukitazama vizuri utaona kwamba akisimama kwenye kidato cha chini kabisa anaiimarisha ngazi: anaongeza kikomo sana, lakini momenti yake haiongezeki karibu chochote.

Kuna swali jingine ninalolipenda zaidi, la sanduku refu linalosukumwa. Lina upana wa mita 0.6, kimo cha mita 1.2, uzito wa nyutoni 300, na μ ni 0.4. Ili liteleze linahitaji msukumo wa nyutoni 120. Ukilisukuma kwa mlalo kwenye ukingo wake wa juu kabisa, litapinduka pale msukumo × 1.2 unapofikia 300 × 0.3, yaani kwa nyutoni 75. Linapinduka kabla halijateleza. Kwa nini hapa tunapima momenti kwenye ukingo wa mbele? Kwa sababu kadiri unavyosukuma, kani ya sakafu haibaki katikati. Inahamia mbele, na ikifika ukingoni haina tena pa kwenda. Sukuma chini ya kimo cha mita 0.75 na litateleza bila kupinduka. Kimo hicho hakitegemei uzito hata kidogo: ni nusu ya upana ikigawanywa kwa μ, na sanduku tupu lina kimo kile kile na lililojaa, mradi uzito wake umesambaa sawasawa.