Ngama: maana yake, na namna ya kuikagua katika boti iliyokwisha kutumika

Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo) na chini ya sakafu, ambako maji yote yaliyoingia huteremka na kutuama, yawe ya mvua, ya wimbi lililoruka ubavuni, ya mpira wa kupozea injini uliopasuka, au ya bahari yenyewe iliyojipenyeza penye ufa. Katika majahazi ya mbao, shimo ambamo maji hayo hukusanyika ili yafuliwe, yaani yachotwe na kumwagwa nje, huitwa banduru, na wako wanaotumia neno moja kwa maana ya jingine. Kwa anayekwenda kununua boti ya injini hapa Tanga tofauti hiyo si kubwa, kwa kuwa swali lake ni moja: maji haya yametoka wapi?

Wanunuzi wengi huwasha injini kwanza, wakaridhika na mlio wake, na sakafu hawaifunui. Hilo ni kosa kubwa. Maji yaliyomo ngamani ni mzigo, kwani lita 100 za maji ya bahari huzidi kidogo kilo 100, tena ni mzigo usiotulia: chombo kikiinamia upande mmoja, nayo hukimbilia upande huo huo na kukizidishia mwinamo.

Kwa hiyo mwombe mwenye boti asiyafue maji kabla hujafika. Chovya kidole, dondosha matone machache juu ya kipande cha bati jeusi, uyaache yakauke juani. Yakibakiza ukoko mweupe wa chumvi, yametoka baharini, na itakupasa kutafuta yalipopitia: kwenye glandi ya shafti (kizibo kinachozuia maji pale mhimili wa pangaboi unapopenya chombo), kwenye vali za chini, au kwenye mipira iliyokazwa kwa klipu zilizoliwa na kutu. Yasipobakiza kitu, huenda ni ya mvua. Usifurahi upesi, maana mbao huozeshwa na maji ya mvua kuliko ya chumvi, na hata boti ya faiba mara nyingi ina mbao zilizofunikwa ndani ya mihimili yake. Gongagonga mihimili hiyo kwa mpini wa bisibisi. Pale sauti inapofifia ghafla, yamkini ndani mmeoza. Tazama pia matundu madogo yanayopitisha maji kutoka taruma (ubavu wa chombo) hadi taruma, kwani yakizibwa na magamba ya samaki na nyuzi za kamba, maji hubaki omo, yaani mbele, wakati pampu iko tezi, yaani nyuma.

Niliwahi kuonyeshwa boti ambayo ngama yake ilikuwa imepakwa rangi mpya, nyeupe, safi kabisa, ilhali sehemu nyingine zote zimechakaa. Nilipoikwangua kwa ukucha karibu na glandi, rangi ilibanduka na chini yake kukawa na lami laini iliyosindikwa kwenye ufa. Tangu siku hiyo rangi mpya ngamani naihesabu kuwa sababu ya kuchunguza zaidi.

Pampu ijaribiwe kwa maji halisi. Inua kwa mkono swichi yake ya kuelea, kisha mimina ndoo mbili uone kama inajiwasha yenyewe na kujizima. Waya wake upite kwenye fyuzi yake na kufika kwenye betri moja kwa moja, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa na boti imetia nanga usiku bila mtu. Mdomo wa kutolea maji uwe juu ya usawa wa bahari, la sivyo pampu ikisimama maji yanaweza kurudi ndani kwa njia ile ile. Kiasi cha maji kilichoandikwa juu ya pampu kisikudanganye, kwani hupungua mara inapolazimika kuyapandisha kwenye mpira. Tundu la upana wa sentimita 2.5 lililo nusu mita chini ya maji huingiza takribani lita 50 kwa dakika, yaani ndoo ya lita 20 hujaa kabla ya nusu dakika kwisha. Hivyo weka ndoo na kata chomboni hata kama pampu ni mpya.

Penye injini ya petroli, nusa ngama kabla ya kuwasha chochote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kujikusanya humo, na cheche moja ya swichi yaweza kuulipua. Mafuta yaliyomwagika yanyonywe kwa matambara na kupelekwa nchi kavu, yasisukumwe baharini. Maji haya ya Tanga yamo katika hifadhi ya silikanti (samaki wa kale adimu) iliyotangazwa mwaka 2009, na wavuvi hutega mitego humo humo.

Uvujaji usioonekana utafutwe wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na chombo kikabaki juu ya mchanga, kama pale Sahare. Kiwekee magadi, yaani miti ya kukiegemeza, kisimame sawa, kaushe nje kwa kitambaa, kisha mimina ndani maji kidogo tu, yasije yakakielemea. Zunguka polepole ukiinama. Maji yaliyokuwa yakiingia sasa yatatoka kwa mlango ule ule: kwanza doa la unyevu, kisha tone. Lizungushie alama ya chaki palepale, na fundi aitwe kabla maji hayajajaa.