Tamathali za Kiingereza Zilizochakaa, na Zile Zisizokufa Sawasawa

Katika kuhariri maandishi ya Kiingereza, mara nyingi mimi hukata tamathali zilizochakaa kuliko ninavyosahihisha sarufi. Hata hivyo, si kila tamathali kongwe inastahili kukatwa. Kitenzi "broadcast" kilianzia shambani, kikimaanisha kumwaga mbegu kwa mkono zienee pande zote, kabla redio haijakichukua katika karne ya 20. Leo msikilizaji hazioni mbegu hizo, wala hana haja ya kuziona, kwa sababu sitiari imekufa ikazikwa, likabaki neno la kawaida lenye maana iliyo wazi.

Zinazonisumbua ni zile zilizo katikati, ambazo picha yake imefifia hata mwandishi haioni tena, lakini bado haijafutika. Mwandishi Mwingereza George Orwell alizijadili katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, na moja ya dalili alizozitaja ni tahajia. Msemo "toe the line" unatokana na kupanga vidole vya miguu kwenye mstari, ndiyo maana ukahusishwa na utii. Lakini wapo wanaoandika "tow", yaani kukokota, kana kwamba mtiifu anavuta kamba. Kwa kuwa matamshi ni yale yale, msikilizaji hagutuki. Ni maandishi tu yanayofichua kwamba mwandishi alinakili sauti bila picha. Ndivyo ilivyo kwa "free rein", yaani kumlegezea farasi hatamu aende atakavyo, ambayo wengi sasa huiandika "reign", utawala. (Kosa hili la pili, kusema kweli, lina mantiki yake: aliyelegezewa hatamu hujitawala.)

Orwell aligusia pia msemo wa nyundo na fuawe, yaani chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake. Waandishi huitaja fuawe kama ndiyo inayoumia, ilhali katika uhunzi ni nyundo inayovunjika.

Kanuni ya Orwell ya kutotumia kabisa tamathali uliyozoea kuiona katika maandishi naiona kali mno kwa mazungumzo, ambamo msemaji hana nafasi ya kubuni kila kitu upya. Kwa ripoti naifuata karibu yote. Msemo "at the end of the day", yaani mwisho wa yote, naufuta tu, na sentensi haipungukiwi chochote. Neno "bottleneck", shingo ya chupa, yaani mahali pembamba ambapo kazi hukwama, lahitaji kazi zaidi. Mtu akiandika kwamba shingo hiyo "inazidi kukua" katika utoaji wa vibali, anakusudia kwamba hali imeharibika, ingawa shingo ya chupa ikipanuka maji hupita kwa urahisi zaidi. Hapo simtafutii mwandishi picha nyingine. Namwuliza ni nini hasa kinachochelewesha vibali, na akijibu kwamba maombi yote yanasubiri saini ya ofisa mmoja, jibu hilo ndilo ninaloliingiza katika sentensi.