Linki ya nje itoke nje

Juzi nimeambiwa tena, ofisini kwa mteja mmoja hapa Area C, Dodoma: "Mtaalamu, hakikisha mtu akibonyeza kitu chochote anabaki humu humu kwenye aplikesheni. Akitoka harudi." Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka mezani taratibu. Maneno hayo nimeyasikia Kisasa, nimeyasikia Mtumba, nimeyasikia kwa mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwenye haraka ya kuwasilisha mradi. Basi leo naandika, ili siku nyingine nimtumie mtu ukurasa huu na mimi ninywe chai yangu.

Watu wanadhani WebView, kile kidirisha cha kuonyesha kurasa za wavuti ndani ya aplikesheni, ni Chrome iliyovuliwa koti. Injini ya kuchora kurasa ni ile ile, sikatai. Lakini vile vilivyozunguka injini, yaani sehemu ya anuani kule juu, kupakua faili, kujua kwamba tel: ni namba ya simu, hivyo vyote ni kazi yako wewe unayejenga. Usipovifanya, havipo.

Nikamwomba yule mteja, bosi wa pale, simu yake. Ilikuwa na toleo la zamani la aplikesheni yao, kazi ya fundi aliyenitangulia. Nikaingia "Wasiliana nasi", nikabonyeza kitufe cha kijani cha WhatsApp. Ukurasa mweupe, na katikati yake net::ERR_UNKNOWN_URL_SCHEME. Bosi akatikisa kichwa: "Intaneti ya leo mbovu." Si intaneti, mzee wangu. WebView haijui linki zinazoanza na whatsapp:, tel:, mailto: (barua pepe) wala intent: (wito wa kufungua aplikesheni nyingine) ni kitu gani, hizo unaukabidhi mfumo wa simu. Wanachama wake wamekuwa wakilaumu bando bure.

Kwenye Android mlango wa kushika linki ni shouldOverrideUrlLoading, kipande cha msimbo kinachoulizwa kabla linki haijafunguka. Ukirudisha true umesema "niachie mimi". False, "endelea mwenyewe". Watu wanazipindua hizi mbili kila siku. Na kuna kichekesho hapa: usipoweka WebViewClient (ndiyo inayobeba mlango huo) kabisa, linki zinatoka zenyewe kwenda kwenye brauza. Ukiweka iliyo tupu, zote zinabaki ndani. Yule mwanafunzi wangu alikuwa amenakili mstari mmoja kutoka mtandaoni, akawa ameshaamua jambo zito bila kujua kwamba ameamua. Kwa iPhone ni decidePolicyFor, na kumbuka linki yenye target="_blank" (inayotaka dirisha jipya) kwenye WKWebView, yaani WebView ya iPhone, haifanyi chochote usipoishughulikia; mtu atabonyeza mpaka kidole kiume.

Na tafadhali, kabla ya kuukabidhi mfumo linki, usianze kwa kuuliza resolveActivity kama kuna aplikesheni ya kuifungua. Tangu Android 11 inaweza kukwambia WhatsApp haipo wakati ipo, kama hukuitaja kwenye AndroidManifest, sehemu ya <queries>. Ita startActivity ifungue moja kwa moja, daka ActivityNotFoundException (kosa la kwamba aplikesheni haipo), songa mbele.

Sasa kinachonikera hasa. Mtu akishakubali kwamba za ndani zibaki na za nje zitoke, anatofautishaje? Nafungua msimbo wake nakuta url.contains("example.com"), yaani anuani yoyote yenye maneno hayo popote ni ya ndani. (Tufanye tovuti yako ndiyo hiyo.) Haya, https://mwizi.test/?rudi=example.com imepita. Anabadilisha, anaweka startsWith("https://example.com"), yaani ianze hivyo. Imepita https://example.com.mwizi.test. Imepita pia https://example.com@mwizi.test, kwa sababu kilicho kabla ya @ ni jina la mtumiaji tu, mwenye nyumba ni mwizi. Anahamia endsWith, yaani iishie hivyo, na siyoexample.com inaingia ikicheka. Chambua anuani kwa Uri (kichambuzi cha anuani cha Android), chukua host, yaani jina la tovuti, peke yake, ilinganishe iwe sawa kabisa, au iishie na ".example.com" yenye nukta mbele. Nukta hiyo nimewahi kuibishania nusu saa nzima.

Mnaniona mkorofi, lakini fikirini mama wa Kongwa aliyefungua aplikesheni ya ushirika wake. Juu kuna rangi na nembo ya ushirika, anuani haionekani popote. Chini umemfungulia ukurasa wa mtu baki unaoomba PIN. Kwa nini asiandike? Umemvalisha mgeni sare yako. Na kama umeweka addJavascriptInterface, daraja la ukurasa kuuita msimbo wa aplikesheni yako, ukurasa huo unaweza kuliita, hata ukiwa kwenye iframe (ukurasa uliopachikwa ndani ya mwingine). Kama daraja linatoa tokeni ya mwanachama, yaani kitambulisho chake cha kuingilia, mgeni ana sare na funguo.

Halafu hiyo ya "harudi". Kwa Android, Custom Tabs zipo tangu 2015; kwa iPhone, SFSafariViewController tangu iOS 9. Ukurasa unafunguka juu ya aplikesheni yako, anuani inaonekana, ukibonyeza alama ya kufunga umerudi ulipokuwa. Google wenyewe walishakataa mtu aingie kwenye akaunti yake kupitia WebView tangu 2017. Utapata kosa la disallowed_useragent usoni.

Pale ninapoyumba ni kwenye malipo ya kadi. Mteja anarushwa kwenda ukurasa wa benki kuthibitisha, kila benki na anuani yake, kwa hiyo orodha yako ya wanaoruhusiwa haikamiliki kamwe. Baadhi ya mirusho ni POST (inayotuma data kama fomu), na shouldOverrideUrlLoading haiitwi kwa POST. Ukimhamishia Custom Tab katikati ya safari, vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo zinazomtambua mteja) vimebaki kwenye WebView na malipo yanakatika. Mradi mmoja niliyaanzisha malipo yote kwenye Custom Tab tangu mwanzo. Mwingine nilifungua WebView ya pembeni isiyo na daraja lolote, nikaruhusu kila kitu ndani yake. Hiyo ya pili inafanya kazi vizuri, na siipendi. Nikipewa kazi ya tatu leo, nitabishana na nafsi yangu upya.

Bosi nilimwonyesha kwa simu yangu. Akabonyeza linki ya nje, Custom Tab ikapanda, akaisoma anuani kwa sauti, akafunga, akajikuta alipoanzia.

"Kumbe anarudi."

"Anarudi, mzee."

Akaifungua tena, akaiangalia kwa karibu. "Sasa hii rangi ya huku juu, haiwezekani kuweka ya kwetu?"

Inawezekana. Chai ilikuwa imeshapoa.