Je, wajua kwa nini uwanja wa Nakivubo ulipewa jina la vita?

Ukishuka kwenye teksi katikati ya Kampala ukauliza njia ya uwanja wa Nakivubo, utaelekezwa madukani. Viatu vinaning'inia kwa kamba zake, mabegi yamepangwa mpaka njiani, na mchukuzi anapita na robota la mitumba ya soko la Owino kichwani akipiga kelele apishwe. Mpaka uingie ndani ndipo unaona nyasi, nazo ni nyasi bandia. Siku hizi pale panaitwa Hamz. Lakini kwa zaidi ya nusu karne jina lake lilikuwa Uwanja wa Kumbukumbu ya Vita. Vita gani? Na mpira uliingiaje humo?

Mpira ndio uliotangulia. Nakivubo ni bondeni. Mvua ikinyesha Kampala, maji ya vilimani hushuka huko, yakaingia kwenye mfereji wa Nakivubo na kuelekea Ziwa Viktoria. Wakubwa walishajichagulia juu: Kabaka, mfalme wa Buganda, yuko Mengo, Waanglikana Namirembe, Wakatoliki Rubaga. Nadhani ndiyo maana tambarare ya chini ilibaki kwa vijana. Kabaka Daudi Chwa aliitoa kwa ajili ya michezo, na kiwanja kikaanza kutumika mwaka 1926.

Vita vikaja baadaye. Kati ya 1939 na 1945, Waganda zaidi ya 70,000 waliingia jeshini, baadhi yao chini ya bendera ya Keya, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Walipigana na Waitaliano Uhabeshi na Wajapani kwenye misitu ya Burma. Amri walipewa kwa Kiswahili, na waliorudi hai walirudi nacho vijijini. Kiswahili cha gwaride, cha kuamrisha kuliko kubembeleza, lakini Kiswahili.

Baada ya vita, Waingereza walipenda kumbukumbu ambazo watu wangezitumia: ukumbi, bustani, kiwanja cha michezo, badala ya sanamu ya kutazamwa tu. Kampala tayari ilikuwa na kiwanja. Mwaka 1953 ikatungwa sheria ya kuunda bodi ya wadhamini wa Nakivubo, uwanja ukajengwa upya, ukafanywa kumbukumbu ya waliokufa vitani.

Walioufanya ukumbukwe hasa ni wachezaji. Mwaka 1975 ilizaliwa timu iliyojiita Nakivubo Boys, ikageuka Nakivubo Villa, kisha SC Villa, yule Jogoo wa Kampala. Klabu ya Express ilikuwa na kwao Wankulukuku, ile ya KCC ikawa na Lugogo, ila mechi kubwa zilishuka bondeni. Iliyo kubwa kuliko zote kwa Villa ilikuwa Desemba 1991, marudiano ya fainali ya Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Club Africain ya Tunisia. Mechi ya kwanza, Tunis, Villa walikuwa wamepigwa 6-2. Nakivubo ikaisha sare ya 1-1, kombe likaenda zake Tunis. Hadi leo hakuna klabu ya Uganda iliyofika fainali hiyo tena.

Mwaka 1997 ukafunguliwa uwanja wa Mandela huko Namboole, uliojengwa kwa msaada wa China, na timu ya taifa ikahamia huko. Nakivubo ikabaki na matope yake, na maduka yakazidi kuuzunguka ukuta. Kodi ya duka huja kila mwezi, kiingilio cha mechi husubiri ratiba. Mwaka 2017 ukafungwa. Mfanyabiashara Hamis Kiggundu akaujenga upya, maduka na majukwaa pamoja, na jina likabadilika kuwa Hamz.

Aliyekuja kuuzindua, Aprili 2024, alikuwa Rais Museveni. Sasa turudi kwa Keya kidogo. Kikosi cha saba cha jeshi hilo kilikuwa cha Waganda, na askari wake waliitwa Abaseveni, watu wa Seveni, yaani saba kwa Kiingereza. Mzazi aliyetaka kuwaenzi alimwita mwanawe Museveni. Rais mwenyewe ameeleza kwamba hiyo ndiyo asili ya jina lake. Kwa hiyo siku jina la Hamz lilipozinduliwa, jina la askari wale bado lilikuwepo uwanjani, ila lilikuja na mgeni rasmi.